Fimbo Iliyopotea Bonde la Kaldá

Akureyri, 3 Machi 2016

Mjukuu wangu Dagrún,

Nakusalimu kwanza, maana nikianza kugomba salamu zitasahaulika. Mimi nipo. Nyonga imeunga. Daktari anasema imeunga vizuri, lakini yeye hakai ndani ya nyonga hii. Chakula cha hapa nyumba ya wazee ni samaki wa kuchemsha asiye na mafuta, kesho samaki tena, na viazi vilivyochemshwa mpaka vikasahau kama ni viazi. Nimewekwa chumba kimoja na Petrína, mwanamke wa pwani anayebishana na redio kama aliolewa nayo. Magoti ya baba yako yanaendeleaje? Na yule kondoo jike mweusi, mnamlisha au mnamtazama tu?

Simu uliyoniachia nimeitia ndani ya soksi. Usinipigie. Kwenye simu mtu husema "sawa, sawa" akakata. Kwenye barua atakaa chini ajibu alichoulizwa. Mimi shule niliiona majira manne tu ya baridi, mwalimu akija nyumbani kwetu na mzigo wake na kikohozi chake, lakini kalamu naishika.

Sasa jambo lililonikaa rohoni. Petrína amesikia kwa mpwa wake kwamba baba yako Ketill amesema hapandi tena mlimani. Mwanangu wa kumzaa, habari zake nazipata kwa watu wa pwani! Haya. Basi nani atakuwa mfalme wa mlima, wa kuongoza watu kuteremsha kondoo, vuli hii? Fimbo ya mfalme haijatoka nyumbani kwetu Ytra-Gil tangu enzi za babu wa babu yako. Babu yako Eyvindur aliipanga safu ya watu kule juu miaka na miaka, na kondoo wa bonde zima wakateremka mbele yake hadi zizini kama maji. Akaja baba yako. Baada ya baba yako uko wewe, una miguu mirefu na sauti ya kuita mbwa aliyevuka mto. Nimekwisha kuwaambia wote hapa. Niandikie nani kachaguliwa, ingawa najua.

Bibi yako,
Salvör

*

Ytra-Gil, 21 Machi 2016

Bibi mpendwa,

Shikamoo kutoka kwenye theluji ya kufika madirishani. Baba hajambo, anashuka ngazi kinyumenyume akidai ndiyo mtindo wa sasa. Jike mweusi amenenepa hadi ananuna. Mbwa bado analala mlangoni pa chumba chako.

Ni kweli, Baba ameacha. Hakukuambia kwa sababu alijua utamwandikia.

Mfalme bado hajachaguliwa. Kabla ya hapo kuna jambo kubwa. Halmashauri imesema bonde letu halina watu wa kutosha tena. Wanataka zizi letu la vuli lifungwe, na kondoo wapakiwe kwenye malori wakachaguliwe, kila mwenye wake, katika zizi la bonde la pili. Wametupa mwaka huu mmoja. Tukijaza safu ya watu mlimani na tukateremsha kondoo wote, zizi litabaki. Tukishindwa, litavunjwa, mawe yajaze barabara.

Kwa hiyo tumeufufua Umoja wa Vijana. Ule ule, Bibi, uliojenga ukumbi na kupanda miti ya kanisani. Ulikuwa umelala tangu kabla sijazaliwa. Tuko tisa, ukimhesabu mmoja wa mapacha wa mchungaji ambaye huja kwa ajili ya keki.

Shida yetu ni Brandur wa shamba la Hóll na wazee wenzake. Bila wao safu haijai. Brandur amesema hainui mguu bila fimbo ya mfalme kutangulia. "Nimeifuata fimbo ile tangu sina ndevu," kasema, "sitafuata karatasi za vijana." Na fimbo haipo! Msumari wake ukutani ni mtupu. Tumetafuta bandani, kanisani, hadi chini ya kitanda cha Baba. Brandur anasema imeibwa na watalii. Bibi, siku ile tulipokuhamisha, uliiona?

Dagrún wako

*

Akureyri, 2 Aprili 2016

Dagrún,

Nimepokea. Nyonga inanguruma mvua ikikaribia, nami nanguruma nayo. Wameleta kigari cha magurudumu ili nikisukume nikienda kula. Nimewaambia mimi si mama wa mtoto mchanga. Kinatundikiwa taulo.

Mawe ya zizi letu yajaze barabara? Mawe yale baba mkwe wangu aliyaburuta kwa sleji, gari lisilo na magurudumu, juu ya barafu, na mgongo wake haukunyooka tena mpaka anazikwa. Mwambie mwenyekiti wa halmashauri kwamba nilimfuta kamasi akiwa mdogo, na naona kazi ile haikwisha.

Lakini niambie, hao vijana tisa mkikaa ukumbini mnafanya nini? Najiuliza usiku kucha. Wakati wetu Umoja ulikuwa kupigana mieleka, kuimba, na kutafuta mchumba kisirisiri. Mnapigana mieleka? Nani anaongea kwanza? Nani anapika kahawa? Ukimwona anayepika kahawa utajua habari zote, maana anayepika ndiye anayesikia.

Siku ile ya kuhama nilikuwa mgonjwa. Mgonjwa haulizwi habari za misumari.

Mfalme ni nani?

Salvör

*

Ytra-Gil, 28 Mei 2016

Bibi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kondoo wamezaa. Nimelala na viatu tangu mwanzo wa mwezi, na leo ndiyo mara ya kwanza mikono yangu kunuka sabuni. Jike mweusi ana mapacha, mmoja mweusi, mwingine rangi ya chai. Baba anawanyonyesha wanakondoo wengine wawili kwa chupa na kuwaimbia akidhani hatumsikii.

Umeuliza tunafanya nini ukumbini. Kahawa napika mimi, tena chungu. Mieleka hatupigani ila maneno tunatupiana. Tumepaka rangi ukumbi na kuziba paa. Kila Jumamosi tunapita shamba kwa shamba kuwasaidia wazee, na mwisho wa kazi tunawauliza kama watatembea nasi vuli. Wengine wanasema ndiyo, wengine wanatupa keki ili tuondoke.

Aprili halmashauri ilituletea mama mmoja kutoka kusini kutufundisha uongozi. Alikuja na karatasi za rangi akabandika ukuta mzima, nasi tulicheka pembeni, nakiri. Ila mwishoni alituuliza swali moja lililotukatiza kicheko. Alisema: "Ukungu umeshuka mlimani, huoni mkono wako. Mtu gani hapa ungemfuata sauti? Andika jina lake, usimwonyeshe mwenzako." Tukaandika. Akasoma. Wote tuliandika jina moja, isipokuwa mwenye jina hilo, ambaye aliandika "Brandur". Mwenye jina hilo ndiye tuliyempeleka mbele ya mkutano wa bonde, na mkutano umemkubali. Hata Brandur amemkubali, ikiwa fimbo itapatikana.

Fimbo bado, Bibi. Hujaikumbuka?

Dagrún

*

Akureyri, 9 Juni 2016

Dagrún,

Salamu kwa baba yako na kwa mapacha, hasa wa rangi ya chai, ndiyo bora, utaona. Hapa amekufa mzee wa chumba cha mwisho. Tulimwimbia, Petrína akazima redio kwa heshima, kisha akaiwasha.

Barua yako nilimsomea Petrína kwa sauti nikijivuna. Nikamwambia, "Unaona? Jina moja wote, ni la mjukuu wangu." Petrína akaniuliza, "Yule aliyeandika Brandur, ndiye mjukuu wako?" Nikaikunja barua. Wewe Brandur usingemwandika hata kwa kulipwa, tangu alipokuita tembo ulipovunja uzio wake. Basi uliandika jina la mtu mwingine. Basi si wewe.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa likinikwaruza kama mfupa wa samaki. Ni nani? Ni pacha wa mchungaji? Ni mwana wa Brandur, yule anayeogopa majogoo? Unaniandikia kurasa mbili za keki na karatasi za rangi, jina moja linakushinda! Mtu akificha jina, ana sababu. Nitajie.

Nami nakuambia mapema: fimbo ile ni ya Ytra-Gil. Pembe ya mshikio wake wa juu ilitoka kwa beberu wetu, na chuma cha chini alikifua babu yako. Fimbo haiendi nyumba ya watu kwa sababu ya karatasi ya rangi. Popote ilipo, inangoja mtu wake.

Salvör

*

Ytra-Gil, 15 Julai 2016

Bibi,

Tuko kwenye majani, tunakata na kufunga kabla mvua haijaja. Naandika juu ya gurudumu la trekta.

Ni Jagoda. Binti wa yule Mpolandi anayefanya kazi kichinjioni. Alifika hapa ana miaka sita, ukampa soksi za bluu, labda umesahau. Ana kondoo wachache na banda la kuazima.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utasema nini. Sasa nisikilize mimi. Vuli iliyopita juu kwenye ukungu, mimi ndiye niliyevunja safu. Niliona majike watatu mbele, nikatamani kuwapata mwenyewe nije niwajivunie, nikakimbia nikaacha nafasi yangu wazi. Kundi zima likapita palepale nilipotoka, likarudi juu. Baba alipiga kelele mpaka sauti ikakata. Wengine tulitawanyika, kila mtu na mwelekeo wake. Jagoda hakutoka mahali pake. Alisimama akaita majina yetu, jina moja moja, akingoja kila mtu aitike ndipo aite lingine. Aliponiita mimi hakusema "umefanya nini". Alisema, "Dagrún, njoo huku, nakusikia." Tulishuka wote kwa sauti ile.

Mimi nina miguu mirefu, Bibi. Ila mguu mrefu ndio uliovunja safu.

Halmashauri itaamua mwisho wa Agosti kama tuna watu. Bila Brandur na wenzake hatuna. Bila fimbo hatuna Brandur. Sitakuuliza tena.

Dagrún

*

Ytra-Gil, 12 Agosti 2016

Bibi,

Mwezi mzima hujajibu. Nimepiga simu nyumba ya wazee wakasema u mzima na umemfukuza mwalimu wa mazoezi. Umenikasirikia? Gomba basi, nimezoea. Ukimya wako ndio sijauzoea.

Jagoda alimuuliza Baba habari za Pengo la Juu, pale mto unapogawanyika, ambapo kondoo hututoroka kila mwaka. Zamani za Babu hawakutoroka, na Baba hajui Babu alimweka nani pale. Alimjibu tu, "Kamuulize Mama, yeye alikuwa kibandani kule mlimani anapika, alisikia kila kitu." Kwa hiyo usishangae akija.

Dagrún

*

Akureyri, 20 Agosti 2016

Dagrún,

Mwalimu wa mazoezi alitaka nirushe mpira. Nimelea watoto watano, mpira niliurusha wa kutosha.

Amekuja. Alipanda basi la asubuhi peke yake, na mfuko wa maandazi ya kusokota aliyokaanga mwenyewe. Yameungua pembeni, lakini yana iliki ya kutosha, na hilo si haba. Nikamwambia, "Wewe ndiye wa kichinjioni?"

"Wa kichinjioni ni baba. Mimi nina kondoo kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja! Meno yangu ni mengi kuliko kondoo wako."

"Yaonyeshe," akasema.

Petrína alicheka mpaka akaangusha miwani. Nikaona, aa, huyu ana mdomo. Nikamwacha akae.

Akaniuliza mambo ya kule juu. Eyvindur alikuwa akianza saa ngapi? Upepo ukitoka kaskazini, safu aliianzia wapi? Mtu aliyechoka alimfanyaje? Anauliza, anangoja. Hakumalizii sentensi kama wauguzi wa hapa. Nikamjibu yote, maana nilikaa kwenye kile kibanda kila vuli nikikoroga supu ya kondoo, na wanaume wakipanga safu juu ya kichwa changu kama vile mimi ni moshi.

Halafu akauliza, "Na wewe, Bibi Salvör, ulikuwa unasimama wapi?"

Dagrún, nimeishi miaka themanini na sita. Mchungaji hajaniuliza hilo. Baba yako hajaniuliza. Wewe, unayejifanya mdadisi, hujaniuliza. Wote mnasema: alikuwa anapika.

Kwenye Pengo la Juu aliyesimama ni mimi. Supu ikishaiva nafunika moto, nachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, napanda kabla hakujapambazuka, nasimama kwenye lile pengo. Kondoo wakija nagonga. Hakuna kondoo apitaye mbele ya mwanamke anayegonga kifuniko. Kisha nakimbia kushuka niwapakulie. Kwenye hesabu ya waliotembea jina langu halikuwamo kamwe, maana mpishi hahesabiwi. Eyvindur alijua. Alikuwa ananiwekea nyama ya ubavu, akaona amemaliza. Nami nilikuwa na kiburi cha kutosema. Nilipoacha kupanda, kondoo wakaanza kutoroka, na bonde zima likajiuliza kwa nini. Nilikaa nikawatazama wakijiuliza. Ilinifurahisha kidogo, sitadanganya.

Yule binti akasema, "Basi pale panataka mtu wa kusimama, si wa kukimbia." Nikamwambia ndiyo, na wa kelele.

Sasa sikiliza. Fimbo ilikuwa hapo hapo, kando ya kitanda, nimeivika soksi ndefu ya kufuma na kuitundikia koti. Aliiona. Soksi ilikuwa imeteleza, pembe ya beberu inachungulia. Ningestahimili kama angeiomba, nilishaandaa jibu la kumtoa machozi. Hakuiomba. Aliinuka, akavaa koti lake, nami nikainuka kumsindikiza hadi mlangoni, nikiiegemea, maana bila hiyo sifiki mlangoni, na kile kigari sikitaki. Akanitazama ninavyotembea. Akasema, "Fimbo nzuri, Bibi Salvör. Ishike vizuri, sakafu yao inateleza."

Akaondoka kupanda basi.

Alhamisi nendeni kituoni. Dereva analeta kitu kirefu ndani ya blanketi. Usiniulize.

Salvör

*

Ytra-Gil, 19 Septemba 2016

Bibi wangu,

Sikuulizi. Wala Jagoda hakusema. Alirudi kutoka kwako akatuambia umempa habari za pengo na umewacheka kondoo wake, basi. Kuhusu fimbo, neno hakulitoa. Tulipofungua lile blanketi kituoni mimi ndiye niliyepiga kelele, yeye akageuka kutazama mlima.

Brandur aliposhika ile pembe aliishika kwa mikono yote miwili, akasema, "Watalii wameirudisha!" Baba aliingia ndani akajifanya anatafuta kofia.

Halmashauri ilituhesabu ukumbini. Safu ilijaa. Tulipanda.

Kibandani usiku Jagoda alitupanga. Alipofika Pengo la Juu akamtazama Brandur. "Hapa nahitaji mtu asiyekimbia," akamwambia, "mwenye kelele kuliko wote bondeni." Brandur akauliza, nani huyo. Akampa kifuniko cha sufuria. Bibi, tulidhani atamrushia! Alikigeuza, akakigonga mara moja kwa kidole, akasema, "Salvör alikuwa anatumia hiki?" Jagoda akasema ndicho hasa. Alikuwa amekuta chapa ya mwiko wako pembeni. Brandur akapanda nacho kabla hakujapambazuka, na kutwa nzima bonde lilisikia kama kengele ya kanisa lililopatwa wazimu. Hakutoroka kondoo hata mmoja.

Ukungu ulishuka mchana. Jagoda akaita majina. Nilitulia mahali pangu nikaitika zamu yangu.

Zizini watu waliimba mpaka giza. Jike mweusi ameshuka na wanawe wote wawili. Mwenyekiti wa halmashauri alikula supu sahani tatu, akatangaza kwamba zizi linabaki. Nikamwambia Bibi yangu anasalimia pua yake.

Kwenye ukuta wa ukumbi tumeandika majina ya waliotembea, kama desturi. La kwanza kabisa, Pengo la Juu: Salvör wa Ytra-Gil. Brandur alisema asiandikwe yeye, yeye ameshika nafasi tu.

Jambo moja. Sasa unatembeaje?

Dagrún

*

Akureyri, 30 Septemba 2016

Dagrún mjukuu wangu,

Habari za kondoo zimenishibisha kuliko samaki wao. Petrína anataka nimsomee tena kipande cha kifuniko, nami namsomea, si kwa ajili yake peke yake. Baba yako mwambie kofia huwa ipo kichwani.

Jina langu mmelikosea mahali, Salvör halikai mbele ya majina ya wanaume bila watu kuuliza. Waacheni waulize.

Umeuliza natembeaje. Natembea na kigari. Kina breki na kikapu. Kwenye kikapu natia sufu yangu na maandazi, na juzi nilimpita mwalimu wa mazoezi kwenye ukumbi wa hapa akabaki mdomo wazi. Ukimwambia mtu bondeni, huna bibi.

Nawe hujamwambia yule binti neno moja la lazima, au umemwambia? Fimbo ile ilipimwa upya kwa Eyvindur, aliyekuwa kama mlango wa kanisa. Kwa yule kijana ni ndefu, nilimwona alivyo, kifuani kwangu anafika. Akitembea nayo hivyo itamvunja bega kabla ya Krismasi. Mpe msumeno. Akikataa kwa heshima zake, mwambie Salvör amesema. Ng'oeni chuma kwanza, mkate chini, kisha mkirudishe chuma.

Juu msiguse. Juu pameliwa na mikono ya watu, na mkono wake utapata pa kukaa.

Bibi yako,
Salvör